Waya wa Mita Ishirini: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Fizikia wa Bungoma na Trans Nzoia

Waheshimiwa walimu wakuu, nanyi walimu wa fizikia wa shule za upili zilizotapakaa kutoka Bungoma mjini hata Kitale,

Naomba mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo labda lingefaa kusemwa faraghani, tukinywa chai katika chumba cha walimu. Lakini nimelitia moyoni tangu muhula uliopita, nimelipindua huku na huku, na nimeona kwamba haliwahusu walimu wa shule moja tu, bali latuhusu sote tuliowahi kusimama mbele ya ubao na chaki mkononi, tukawachorea watoto mstari unaopanda na kushuka, tukawaambia kuwa hilo ndilo wimbi, kisha tukalifuta na kuendelea na somo jingine.

Kisa kilichonitoa kimya ni hiki. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja kwa jina wala sitasema iko upande gani wa Mto Nzoia, alinunua redio mbovu katika soko la Chwele, akaifungua, akabadilisha vipuri viwili vitatu, akazongoa waya wa shaba kutoka katika mota iliyoungua, akaupitisha dirishani mwa bweni mpaka kwenye mgrevilea uliokuwa nje, na usiku, wenzake walipolala, akawa anasikiliza masafa mafupi kwa visikizi. Alipofumaniwa, redio ilidhaniwa kuwa ni simu, na ilipoonekana kuwa si simu ikadhaniwa kuwa ni jambo baya kuliko simu. Kijana akarudishwa nyumbani alete mzazi, na chombo chake kikatiwa katika mtoto wa meza wa naibu wa mwalimu mkuu, ambamo, kwa kadiri nijuavyo, kimo hata leo. Mzazi wake, ambaye hakujua amwadhibu mwanawe au amsifu, alikuja kwangu, kwa kuwa katika mtaa wetu kila kitu chenye waya kikizua fitina huletwa mlangoni pangu.

Sisemi kwamba kijana hakukosa. Usiku ni wa kulala, na bweni lina kanuni zake, nami katika miaka yangu ya ualimu nimenyang'anya simu nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Lakini katika muhula uo huo, darasani, kijana yule yule alikuwa akifundishwa habari za mawimbi; na katika Kidato cha Nne atafundishwa spektra ya sumakuumeme, aikariri kuanzia mawimbi ya redio hata miale ya gama, aijibu katika mtihani, na huenda apate alama zote pasipo kutakiwa na mtu yeyote kuligusa wimbi hata moja. Yeye aliligusa. Tukamrudisha nyumbani.

Mimi ni nani hata nikajitia katika mambo haya? Ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kimilili, na ni mwanaredio wa ridhaa. Neno hili ridhaa wengi hulijua kwa habari za kandanda, ya kwamba mchezaji wa ridhaa ni yule asiyelipwa. Na kanuni za kimataifa za mawasiliano ya redio hutueleza sisi kwa maana iyo hiyo, kwamba ni watu wenye idhini ya serikali wanaojifunza, wanaowasiliana na kuuchunguza ufundi wa redio kwa mapenzi yao wenyewe, pasipo kutafuta faida ya fedha. Hatuuzi kitu hewani, hatupigi muziki, wala haturuhusiwi kusema kwa siri ili wengine wasielewe. Kila mmoja wetu hupewa alama ya kuitia, na alama za Kenya huanza kwa 5Z4, kama zilivyokuwa zikianza kwa VQ4 zama za ukoloni; mtu akiisikia popote duniani hutambua papo hapo msemaji yuko nchi gani.

Mlingoti wangu wa kwanza ulikuwa mianzi miwili iliyounganishwa kwa kufungwa mpira wa ndani wa baisikeli. Nilisomea ualimu Mombasa, na wakati wa alasiri nilizoea kwenda Bandari ya Kale kutazama majahazi, nikajifunza kwa mabaharia majina ya vitu ambavyo huku bara havina kazi: foromali, henza, kapi, amari. Sikudhani kwamba miaka mingi baadaye, mbali na bahari, miguuni pa Mlima Elgon, ningeyahitaji maneno hayo. Kwa maana waya wa antena hupandishwa kama tanga lipandishwavyo, kwa kapi lililofungwa juu ya mlingoti na henza inayovutwa kutoka chini, ili upepo ukizidi au mvua ikinukia uweze kuushusha kwa dakika moja, bila ya kumwita mtu wa kupanda. Majirani walitazama. Mmoja aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, huu mti unavuta mvua au unaifukuza?" na mwingine akataka kujua kama nina udugu na ukoo wa Nganyi kule Bunyore, ambao sifa yao ya kuitambua mvua kabla haijanyesha imefika mbali hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wakaketi nao na kulinganisha elimu zao. Nilijibu kwamba mimi ni Mbukusu wa Kimilili tu, na mti wangu hauna habari na mvua; ingawa mvua, kama mtakavyoona, ilikuwa na habari na mti wangu.

Hesabu ya waya wenyewe ni ya watoto wa Kidato cha Pili. Gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Chukua nusu yake, kisha punguza sehemu 5 katika kila 100, kwa sababu umeme ukiwa katika waya wenye ncha hauendi kama wimbi liendavyo katika anga tupu. Na kwa megahezi 7.1, ambayo ni masafa tunayoruhusiwa sisi wa ridhaa, jibu ni mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande na kebo katikati. Nami nilipokata waya wangu nilikuwa na uroho wa fundi mgeni, nikaongeza mita nzima ya akiba, na nguvu niliyoituma juu ikawa inanirudia redioni kama mpira uliopigwa ukutani. Ikanibidi nikate sentimita 10, nipandishe, nipime, nishushe, nikate tena, kutwa nzima, mpaka saa kumi na moja jioni mshale wa kipimo ulipolala chini kabisa. Siku hiyo moja ya kukata na kupima ilinifundisha juu ya mawimbi mambo ambayo nilikuwa nimeyafundisha miaka mingi pasipo kuyaelewa. Nayasema haya kwa haya kiasi, lakini ndiyo kweli.

Nilikuwa pia nikiuonea aibu mlingoti wangu kwa ufupi wake, kwa kuwa vitabu vilisema antena ya masafa hayo ikae juu mita 20 hivi, ilhali mianzi yangu haikufika hata 8. Basi asubuhi moja nilipoita nikajibiwa na mtu wa Nairobi, kilomita zaidi ya 300 kutoka kwangu, kwa sauti safi kama ya mgeni aliyeketi sebuleni, nilidhani ni bahati. Nikaita tena kesho yake, na kesho kutwa, na bahati ikawa haikomi. Hatimaye nikafahamu kwamba ufupi ule ulikuwa neema. Waya ulio karibu na ardhi hutupa mawimbi yake juu wima, nayo yakagonga tabaka la ionosfia lililo kilomita mia mbili na zaidi juu ya vichwa vyetu, yakarudi chini yametawanyika pande zote kama mvua ya rasharasha, yakifunika nchi kwa mamia ya kilomita bila ya kuacha bonde wala korongo. Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, na ambao mbele ya mawimbi ya masafa ya juu husimama kama ukuta, hapo hauna la kufanya. Mtu wa Kimilili anayetaka kusema na mtu wa Mbale, ng'ambo ya mlima, haelekezi waya wake mlimani, anauelekeza mbinguni.

Sasa nirudi kwenye mvua. Nchi hii iliyo kati ya Ziwa Viktoria na milima ina radi kwa wingi, nanyi nyote mnajua jinsi alasiri za mwezi wa Aprili zinavyokuwa, mawingu yakijikusanya juu ya Elgon tangu adhuhuri kama watu wanaokwenda barazani. Alasiri moja ya namna hiyo nilikuwa shambani, kebo nikaiacha redioni. Radi haikuupiga mlingoti. Iliupiga mkaratusi ulio umbali wa hatua 100, na umeme uliozaliwa katika waya wangu kwa ujirani tu ulitosha kuiua redio niliyoiwekea akiba miaka miwili. Kwa hiyo natoa usia, na katika barua hii yote ndipo mahali pekee ninapozungumza kwa amri: mkitundika waya shuleni, kitu cha kwanza kununuliwa kisiwe redio, kiwe chuma cha kuzikwa ardhini, kebo ichomolewe kila alasiri kabla ya mawingu kukutana, na waya wala kamba isirushwe kamwe karibu na nyaya za stima, kwa kuwa anayekosea hapo hapati nafasi ya kukosea tena.

Nije kwenye redio za mkononi, ambazo nadhani ndizo hasa zilizowatia hofu walimu wenzangu. Tangu mwaka 2012 hivi zimeenea redio ndogo za Kichina, na mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Baofeng UV-5R, ambazo bei yake kijana aliyevuna mahindi ya watu kwa msimu mmoja anaweza kuifikia, na ambazo leo utaziona viunoni mwa walinzi na mikononi mwa wasimamizi wa harusi. Redio hii haichagui wala haiulizi: mtu akibonyeza, inasema, katika masafa yaliyo yake na yasiyo yake. Ndipo penye hatari, na mnayo haki ya kuhofu, kwa maana chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 hapana ruhusa ya kurusha mawimbi bila ya idhini, na kuinunua redio dukani si kupewa idhini. Lakini insafu ni kutofautisha kusema na kusikiliza. Yule kijana hakuwa na kitufe cha kusemea hata kimoja. Tumewachanganya mwenye sikio na mwenye mdomo, tukawapa adhabu moja.

Nguvu ya redio hizi ni wati 5 au pungufu, na taa ya baisikeli ya dinamo ina wati 3, pima mwenyewe. Mtu aliyesimama katika soko la Kimilili siku ya Jumatatu akiwa na redio mkononi na kile kiantena kifupi cha mpira, kilichofanana na kidole gumba, hana hakika ya kusikika hata Kamukuywa. Kosa si la wati. Mawimbi ya masafa ya redio hizi huenda kama jicho lionavyo, na upeo wake wa macho hupatikana kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita na kukizidisha kwa 4, ukapata kilomita: aliyeshika redio mdomoni ana upeo wa kilomita 5, na aliyepanda mita 400 juu ya uwanda ana kilomita 80. Hesabu hiyo niliihakikisha kwa miguu. Nilipanda mpaka Kapsokwony na redio yangu ya mkononi, mwenzangu mwenye idhini akapanda mwamba wa Chetambe juu ya Webuye, pale pale ambapo Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, nasi tukazungumza katika megahezi 145 kwa wati 1 kana kwamba tumeketi benchi moja, ilhali kati yetu palikuwa na kilomita zaidi ya 25. Niliporudi bondeni nikaongeza nguvu hata 5, sikumpata. Tena kuna hila ndogo ambayo haigharimu kitu: chukua waya wa nusu mita, ufunge kwenye shingo ya redio pale antena inapoingia, uuache uning'inie chini, nawe utaona sauti inaongezeka, kwa sababu antena hutaka mwenzake wa kusukumana naye, na mkono wa binadamu si mwenzake mzuri.

Antena iliyonipa furaha kubwa kuliko zote niliitengeneza kwa futi ya chuma, ile inayojikunja ndani ya kibweta chake ambayo mafundi seremala hawatoki nyumbani bila yayo. Niliikata vipande vitatu, kila kimoja cha mita moja au karibu yake, nikavifunga juu ya bomba la plastiki kwa mpangilio ulioelezwa na Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, mwaka 1926, kimoja nyuma cha kurudisha, kimoja katikati cha kupokea, kimoja mbele cha kuongoza. Ni mpangilio ule ule wa antena za televisheni mlizozoea kuona juu ya mabati, ila huu waweza kuukunja ukaingia katika matatu bila ya kumtoboa mtu jicho. Usiku mmoja niliielekeza upande wa kusini magharibi, nikafungua megahezi 145.800, na baada ya dakika chache nikasikia sauti ya mwanaanga akisema na watoto wa shule fulani ya mbali kutoka kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 juu yetu. Wanaanga wengi ni wanaredio wa ridhaa, tangu Owen Garriott alipoanza kusema nasi kutoka chombo cha Columbia mwaka 1983. Kituo hicho huizunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu, na kwa mwendo wake huo sauti inakuja juu kidogo ya masafa yake kinapokaribia na chini kidogo kinapokwenda zake, tofauti ya kilohezi 3 na nusu hivi kila upande. Walimu wenzangu, hilo ni somo la Dopla, ambalo mimi nililifundisha kwa king'ora cha gari la wagonjwa la kubuni, gari ambalo watoto wangu wengi walikuwa hawajawahi kulisikia.

Niwasimulie habari ya usiku mmoja. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika nchi nzima, kama mnavyokumbuka, na sisi wa Kimilili tuliokwisha zoea giza la mtaa tulichelewa kutambua kwamba hilo lilikuwa giza la taifa. Redio yangu hunywa kutoka betri ya volti 12 inayojazwa na sola, kwa hiyo ilikuwa imewaka, nami nilikuwa nikisikiliza megahezi 7 kupitia ule uvumi wa daima ambao kila mwanaredio wa mjini huuchukulia kama sehemu ya hewa yenyewe, kwa maana taa za bei rahisi, chaja za simu na vibadilisha umeme hurusha kelele mchana na usiku. Ghafla uvumi ukazima. Nilidhani masikio yangu yameziba. Nikakaza sauti, nikakuta chini ya kelele zile kulikuwa na watu tele: mmoja wa Afrika Kusini, wengine wa Ulaya, wengine wakisema Kiarabu, na vidogo vidogo vya alama za Mosi (Morse) kutoka sijui wapi, vyote vimekuwapo siku zote, na sisi tumevifunika kwa taa zetu. Sikuita mtu usiku ule. Nilisikiliza tu mpaka karibu na alfajiri, na stima iliporudi, nakiri mbele yenu, niliudhika.

Jioni nyingine, katika megahezi 14, nikiwa na redio ndogo ya kubeba, Yaesu FT-817 ya mtumba, yenye wati 5 na uzito wa kilo moja na kidogo, nilimsikia mzee akiita kutoka Maskati, kilomita zaidi ya 3,500 kutoka Kimilili. Oman ni nchi ambayo mchezo huu wetu ulipata heshima ya pekee, kwa kuwa Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mwanaredio wa ridhaa na alama yake ilikuwa A41AA. Nilipojibu kwa Kiingereza nikataja Kenya, mzee alikiacha Kiingereza palepale.

"Kenya wapi, bwana?"

"Kimilili, shekhe."

"Huko kuna bahari?"

"Hakuna, shekhe. Kuna mlima na mahindi."

"Basi waya umeupandishaje?"

Nikamweleza habari ya mianzi, kapi na henza. Alinyamaza, nikadhani mawimbi yamekatika. Kisha nikasikia kicheko, akasema neno henza hajalisikia katika kinywa cha mtu tangu alipoondoka mtaa wa Malindi, Unguja, akiwa kijana, na kwamba hakutegemea kuletewa na mtu wa mlimani. Tuliongea robo saa, tukaagana kwa 73, ambayo ndiyo kwaheri yetu tuliyoirithi kwa wapiga telegrafu wa zamani. Watoto wanaoambiwa kwamba Kiswahili ni somo la alama tu wangefaidika kuwapo.

Kuna watakaosema, haya yote ni starehe ya mzee asiye na kazi, na sasa kuna simu. Sitabishana nao sana. Simu ni neema, nami ninayo. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaona intaneti inavyozimia. Na mlima huu wetu, upande wa Uganda, uliporomoka Bududa tarehe 1 Machi 2010 ukazika kijiji cha Nametsi, na majirani zetu wa Pokot Magharibi walizikwa na udongo Novemba 2019, na katika misiba ya namna hiyo barabara, stima na mawasiliano ya kawaida huweza kukatika pamoja. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Disemba 2004, aliyesaidia kuunganisha visiwa vya Andaman na bara Hindi alikuwa mwanaredio wa ridhaa, Bibi Bharathi Prasad, aliyekuwa tayari Port Blair kwa ajili ya mchezo huu huu. Sidai kwamba wanaredio wa Kimilili wangeokoa watu. Tuko wachache mno hata kudai hivyo ni kujitukuza. Na uchache huo ndio unaonisukuma kuandika. Sisi tuliopo tunazeeka, na kila mwaka ninapohesabu sauti za huku magharibi mwa Kenya nahesabu vidole vichache, ilhali shule ziko kila baada ya kilima, na mtaala wa umilisi umewaleta watoto wa Gredi ya 10 wanaotakiwa, kwa mujibu wa maandishi yake, kutenda na si kukariri.

Ombi langu, basi, si kubwa. Siombi fedha, wala siombi mruhusu redio mabwenini. Naomba kila shule iwe na waya mmoja wa mita 20 juu ya uwanja wake, ulioshikwa na miti miwili na chuma ardhini, na redio moja ya kusikiliza masafa mafupi katika maabara, ifunguliwe wakati wa somo na wakati wa klabu, na watoto waukate waya huo kwa mikono yao, wakosee, wapime, wakate tena. Atakayetaka kusema, aelekezwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano atafute idhini kwa njia yake. Wengi hawatataka, na hilo si hasara.

Kuna siku inayofaa kuanza kazi hii. Tarehe 12 Disemba 1901 Marconi, akiwa St. John's, Newfoundland, alinyanyua waya wake kwa tiara katika upepo mkali, akasikia nukta tatu za herufi S zilizorushwa kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Tarehe 12 Disemba 1961 wanaredio wa ridhaa wa Marekani walirushiwa setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, iliyokuwa ikizunguka dunia ikisema "HI" kwa Mosi. Na tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri yetu, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya X iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ni sadfa tu, nami si mtu wa kuabudu tarehe. Lakini siku hiyo shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na mvua aghalabu imepungua.

Kwa hiyo nawaalika. Tarehe 12 Disemba, tangu saa mbili asubuhi, nitakuwa uwanjani pangu, na kila atakayefika Kimilili akaulizia mwalimu mwenye mlingoti ataonyeshwa. Njooni na watoto na waya wa mita 20. Mianzi ninayo, kapi ninalo, na henza nimenunua mpya. Na yule mwenzangu aliye naibu, akijaaliwa kuja, namsihi aje na kile kilichomo katika mtoto wa meza wake. Kijana amekwisha ambiwa, naye atakuwapo.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu na mwanaredio wa ridhaa,
Kimilili